Wakati wa Kupandikiza Vifaranga vya Sato Bwawani



Miongoni mwa maswali yaletwayo na vyama vyetu vya msingi kuhusu ufugaji wa samaki, hakuna lirudiwalo mara nyingi kama hili: ni mwezi gani ufaao kupandikiza vifaranga katika bwawa lililochimbwa nyuma ya nyumba? Swali hili ni jema, na jibu lake si la mwezi mmoja tu. Jibu hutegemea bwawa lenyewe, udongo wake, na siku ambayo mwenye bwawa anatarajia kuvua. Makala haya yanaeleza namna ya kulipata jibu hilo, ili kila chama kiweze kujipangia ratiba yake bila kungoja kuambiwa.

Vitabu vingi vya ufugaji wa samaki vimeandikwa katika nchi za baridi. Huko mfugaji wa samaki wa maji ya moto hungoja majira ya baridi yaishe, kisha hupima maji kila asubuhi mpaka yafikie nyuzi 20 za Sentigredi au zaidi, ndipo apandikize. Akiwahi, samaki wake hufa. Sato ni samaki wa jamii hiyo. Hukua vizuri zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo na kukua polepole. Na yakifikia 11 au 12 maisha yake huwa hatarini.

Katika Mwanza maji ya bwawa hayafikii baridi ya kuua sato. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanachama wamehitimisha kwamba kwetu kila mwezi unafaa. Kauli hiyo ni kweli kwa nusu tu. Baridi haitaua samaki wetu, lakini ukame utawaua, tope litawaua, na dawa ya pamba itawaua upesi kuliko vyote. Mfugaji wa ng'ambo huhesabu wakati wake kwa kipimajoto. Sisi tunapaswa kuuhesabu kwa maji.

FUNZO LA MALYA

Jambo hili si geni katika mkoa wetu. Majaribio ya kwanza ya ufugaji wa perege katika mabwawa nchini yalianza mwaka 1949 katika sehemu mbili: Korogwe mkoani Tanga, na Malya, ambayo leo iko katika Wilaya ya Kwimba. Mabwawa mengi yalichimbwa katika maeneo hayo, lakini hatimaye hayakuzaa matunda yaliyotarajiwa. Sababu zilizotajwa ni usimamizi duni, utaalamu usiofaa, ukosefu wa barabara na huduma nyingine, na ukame. Mwaka 1967 ilifanyika kampeni ya kitaifa ya ufugaji wa samaki, nayo haikufaulu. Kufikia mwaka 1968 ilikadiriwa kwamba nchi ilikuwa na mabwawa yapatayo 8,000. Idadi hiyo ni kubwa, lakini mengi yalikuwa madogo sana na mavuno yake yalikuwa haba.

Aijuaye Kwimba hatashangaa kusikia neno ukame. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba, hupungua Januari na Februari, hurudi kwa nguvu Machi na Aprili, kisha hukatika Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba bwawa lisilo na chemchemi wala kisima hupoteza maji kila siku bila kuongezewa hata tone. Sato huhitaji miezi 6 hadi 8 kufikia ukubwa wa kuliwa na kuuzwa. Ukipandikiza Aprili kwa kuwa bwawa limejaa na linapendeza macho, utakuwa na samaki wa miezi minne, wembamba kama kiganja cha mtoto, wakati maji yakifika magotini na mnandi wameshajua njia ya kwenda kwako.

KUHESABU KURUDI NYUMA

Tunapendekeza kwamba hesabu ianzie mwisho. Mwanachama aulizwe kwanza: bwawa lako hukauka lini? Asiyejua aweke kijiti chenye alama za sentimita katikati ya bwawa, achague siku 10 zisizo na mvua, na aandike maji yameshuka kiasi gani. Jua na upepo wa kwetu peke yake huweza kuondoa karibu nusu sentimita kwa siku. Kinachozidi hapo kinapotea chini, kwa kunywewa na udongo.

Tuchukue mfano. Bwawa lina kina cha sentimita 120 mvua zinapokatika mwishoni mwa Mei, na kijiti kimeonyesha kwamba maji hushuka sentimita 1 kwa siku. Hatutaki samaki wabaki katika maji yaliyo chini ya sentimita 75, kwa sababu hapo maji huchemka mchana, hupoa usiku, na hewa huwa haba alfajiri. Tofauti ni sentimita 45, yaani siku 45. Kwa hiyo bwawa hilo livuliwe kabla ya katikati ya Julai. Tukirudi nyuma miezi 7 tunafika katikati ya Desemba. Huo ndio wakati wa kupandikiza, na yeyote atakayechelewa hadi Februari ajue kwamba amejinyima miezi miwili ya kukuza samaki.

Hesabu hii inaonyesha pia kwa nini udongo una sauti kubwa kuliko kalenda. Katika udongo mweusi wa mbuga, mvua za kwanza huingia kwanza katika nyufa za kiangazi, na bwawa huchelewa kujaa. Lakini udongo ukishavimba na kuziba, maji hukaa. Katika udongo wa kichanga, ule uitwao luseni na Wasukuma, bwawa hujaa kwa mvua moja na huvuja kwa juma moja. Mwenye luseni asipandikize kamwe kabla ya kuziba sakafu ya bwawa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa sawasawa. Hata akichagua mwezi mwema namna gani, hesabu ya maji itamkataa.

Na mvua za vuli zikishindwa, bwawa lisijae mpaka Januari? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua vifaranga wakubwa zaidi, wa gramu 20 au 30 badala ya wale wa gramu 2 au 5, na kuwapunguza idadi. Ni ghali kwa kila kifaranga, lakini huokoa mwezi mmoja au zaidi. Ya pili ni kuacha mwaka huo upite. Ushauri huu wa pili haupendwi, hasa na mtu aliyekwisha kuchimba kwa jembe bwawa la mita 15 kwa 10. Lakini bwawa lililoachwa mwaka mmoja halimli mtu fedha.

MVUA YA KWANZA SI RUHUSA

Hapa pana kosa ambalo mwandishi wa makala haya amelishuhudia kwa macho yake. Chama kimoja cha ukanda wa ziwa, ambacho hakuna haja ya kukitaja, kiliagiza vifaranga kwa pamoja kwa ajili ya wanachama wake. Nia ilikuwa nzuri na bei ilikuwa nafuu. Gari lilifika Oktoba, siku mbili baada ya mvua kubwa ya kwanza. Mabwawa yalikuwa yamejaa maji mekundu kama chai ya maziwa, yenye tope la vilima vyote vilivyo juu yake. Hakuna aliyetaka kurudi nyumbani na mfuko mtupu. Vifaranga vikagawiwa, vikamwagwa. Baada ya juma moja wanachama walianza kuokota samaki waliokufa kandokando ya mabwawa, na waliosalia hawakuwa na chakula, kwa sababu katika maji ya tope mwanga wa jua haupenyi na mimea midogo ya majini haioti. Katibu wa chama hicho alikuwa mtu hodari na mwaminifu. Kosa lake lilikuwa kupanga siku ya kupandikiza kwa kufuata siku ya gari.

Maji ya mvua za kwanza yaachwe yatulie. Kabla ya hapo, bwawa likiwa bado kavu, sakafu isawazishwe, nyasi zitolewe, na chokaa inyunyizwe. Katika udongo wenye uchachu kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba zinafaa, na anayekosa chokaa hutumia majivu ya jikoni, ingawa nguvu yake ni ndogo. Maji yakishaingia na tope kuzama, itiwe samadi ya ng'ombe iliyokauka, kidogo kidogo, katika kizimba cha fito kwenye pembe ya bwawa. Baada ya juma moja au mawili maji hugeuka rangi ya kijani. Rangi hiyo ndiyo chakula cha kwanza cha kifaranga.

Kipimo chake hakihitaji chombo. Ingiza mkono wima majini, kiganja kimekunjuliwa. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yamefika karibu na kiwiko, bwawa liko tayari. Ukiendelea kukiona hata maji yakipita kiwiko, chakula bado ni kidogo. Ongeza samadi na ungoje. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, na rangi ni ya kijani, samadi imezidi. Acha kutia, kwa maana bwawa la namna hiyo hukosa hewa alfajiri na samaki huja juu wakitweta. Kikipotea na rangi ni nyekundu au ya udongo, hilo ni tope, wala si chakula.

WENYE MAJI YA KUDUMU

Mambo yaliyosemwa hapo juu yanawahusu wategemeao mvua. Wapo wanachama wenye bahati ya chemchemi, kisima, au shamba lililo karibu na ziwa, ambao bwawa lao halikauki. Hao wanaweza kupandikiza wakati wowote, na kwao ndipo joto linapostahili kufikiriwa.

Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku wa kwetu hupoa, na upepo wa kusi huvuma. Hata ziwa lenyewe huhisi: katika miezi hiyo maji ya juu hupoa na kuchanganyika na yale ya chini. Katika bwawa dogo la kina cha mita moja, maji ya alfajiri huweza kushuka mpaka karibu na nyuzi 20. Samaki mkubwa huvumilia. Kifaranga cha gramu 3 kilichotoka safari ndefu hula kwa shida, hukaa mwezi mzima bila kuongezeka, na mwenye bwawa huendelea kumwaga pumba zisizoliwa. Kwa hiyo tunashauri kwamba wenye maji ya kudumu wapandikize mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, ili vifaranga vipate miezi ya joto, na mavuno yawe Machi. Anayeweza kupata kipimajoto apime saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri kwa siku tano mfululizo. Ikiwa alfajiri maji yako nyuzi 22 au zaidi, asingoje tena.

Wenye mashamba ya pwani ya ziwa wakumbuke jambo la sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Bwawa lichimbwe nje ya mpaka huo, hata kama maji yanaonekana hapo hapo. Ufugaji wa vizimba ndani ya ziwa ni jambo jingine, lenye vibali na hatari zake, nalo halimo katika makala haya.

DAWA YA PAMBA

Wengi wetu ni wakulima wa pamba, na ratiba ya pamba inaingiliana na ratiba ya samaki mahali pabaya kabisa. Pamba hupandwa Novemba na Desemba. Unyunyiziaji wa dawa hufanyika, kwa kawaida, kati ya Januari na Aprili. Ni wakati ule ule ambapo sato waliopandikizwa Desemba wako bwawani wakiwa wadogo, na ni wakati wa mvua ziteremshazo maji kutoka shambani.

Dawa nyingi za wadudu wa pamba zitumikazo sasa ni za jamii ya pairethroidi. Dawa hizi ni kali mno kwa samaki. Kiasi kidogo sana, kisichoonekana wala kunuka, huua bwawa zima kwa siku moja. Mwanachama mmoja akisafisha bomba lake la kunyunyizia katika mfereji ulio juu ya bwawa la jirani, hakuna hesabu ya maji wala rangi ya kijani itakayomsaidia jirani huyo.

Kwa maoni yetu, bwawa lililo chini ya shamba la pamba lisipandikizwe kabisa mpaka mtaro wa kugeuza maji uwe umechimbwa upande wa juu, wenye kina cha kutosha kupitisha maji ya mvua kubwa pembeni. Mabomba yaoshwe mbali na njia ya maji. Nyasi za pembeni mwa shamba lililonyunyiziwa zisitupwe bwawani kuwa chakula wala mbolea. Makatibu wanaogawa dawa za msimu wanaijua orodha ya wanaozichukua, na orodha ya wenye mabwawa wanayo pia. Kuzilinganisha orodha hizo mbili ni kazi ya nusu saa.

Pamba ina faida moja kwa mfugaji, nayo ni mashudu. Yachanganywe na pumba za mpunga na dagaa wa kusaga, lakini yasiwe ndiyo chakula kikuu, wala yasipewe vifaranga wachanga, kwa kuwa mbegu ya pamba ina sumu ya asili iitwayo gosipoli.

VIFARANGA GANI, NA WANGAPI

Kwa bwawa la nyumbani linalolishwa samadi na pumba, vifaranga 2 kwa kila mita ya mraba vinatosha. Bwawa la mita 15 kwa 10 ni vifaranga 300. Mwenye kupandikiza 1,000 ili avune zaidi atavuna samaki wengi wasionunulika.

Jinsia nayo inahusu wakati. Sato wa jinsia mchanganyiko huanza kuzaana wakiwa na umri wa miezi mitatu au minne, na jike huatamia mayai kinywani, hivyo watoto wengi hupona. Tangu hapo chakula hugawanywa kati ya maelfu, na ukuaji husimama. Anayepandikiza mchanganyiko asipitishe miezi sita kabla ya kuvua. Anaweza pia kutia kambare wachache, wiki 6 hadi 8 baada ya sato, ili wale watoto hao. Kambare watiwao wawe wadogo kuliko sato waliomo, la sivyo wataanza na wakubwa. Anayepata vifaranga vya madume pekee ana uhuru wa kungoja hadi miezi minane, maji yakiruhusu.

Vifaranga visichotwe ziwani kwa kokoro. Nyavu hiyo imepigwa marufuku, na zaidi ya hayo mtu hajui anachotia katika ndoo. Ndani yake mnaweza kuwamo sangara mdogo, ambaye baada ya miezi michache atabaki peke yake bwawani, akiwa amenenepa vizuri. Kituo cha TAFIRI cha Mwanza, chuo cha uvuvi cha Nyegezi, na Maafisa Uvuvi wa wilaya wanaweza kueleza ni wapi vifaranga halali vinapatikana.

Siku yenyewe ya kupandikiza iwe asubuhi mapema au jioni. Vifaranga visilishwe siku moja kabla ya safari. Mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 20, maji ya bwawa yaingizwe humo kidogo kidogo, kisha samaki waachwe watoke wenyewe.

KWA MAKATIBU

Agizo la pamoja ni jambo zuri na ndiyo maana ya ushirika, lakini lisifanye mabwawa yote kuwa bwawa moja. Kabla ya kuagiza, Katibu aandike katika daftari, kwa kila mwanachama: kina cha maji, maji hushuka sentimita ngapi kwa siku, udongo wa aina gani, kuna mtaro wa juu au hakuna, na kipimo cha mkono kimeonyesha nini. Wenye maji ya kudumu waagiziwe kwa ajili ya Septemba. Wategemeao mvua waagiziwe mwisho wa Novemba hadi katikati ya Desemba, kwa mafungu mawili ikiwa muuzaji atakubali, kwa kuwa mvua hazinyeshi Magu na Sengerema siku moja. Vituo vya vifaranga huhitaji kuarifiwa mapema. Miezi miwili si mingi. Na asubuhi ya gari, ambaye bwawa lake halijawa kijani jina lake lirukwe, fungu lake apewe mwenye nafasi kwa bei ile ile, naye aingie katika agizo linalofuata. Kamati ipitishe kanuni hii mkutanoni kabla ya msimu, ili Katibu asiachwe peke yake mbele ya watu wenye ndoo mikononi.

Jambo la mwisho ni la soko. Wavuvi wa dagaa hutumia taa katika usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wengi wao hupumzika, hivyo dagaa hupungua sokoni kwa siku kadhaa. Bwawa linalotakiwa kuvuliwa Julai likipangiwa siku hizo, samaki wachache wa nyumbani hawatashindana na mashua za ziwa zima. Katibu anapoandika tarehe ya kupandikiza, aandike pembeni tarehe ya mavuno, na aitazame kalenda ya mwezi.